Daftari la Maji Lisomwe Mkutanoni

Ndugu Mwenyekiti wa mkutano, Mheshimiwa Diwani, watendaji wa kata na vijiji, wajumbe wa kamati ya chombo chetu cha maji, wazee wangu, mama zangu na ndugu zangu mliotembea kutoka vitongoji vya mbali: Mbukwenyi.

Nimeombwa niseme machache kwa niaba ya watumiaji wa maji katika Wiki hii ya Maji, ambayo kila mwaka huanza Machi 16 na kufikia kilele chake Machi 22. Ni haki nianze kwa kueleza nafasi yangu katika jambo hili, kwa kuwa wapo miongoni mwenu waliohamia hapa baada ya mimi kuondoka kwenye kamati. Kuanzia Aprili 2010 nilikuwa mhazini wa jumuiya yetu ya watumia maji. Niliondoka nikiitwa mwizi, na neno hilo sikulisikia kwa watu wa mbali. Nililisikia pale kwenye gati la sokoni, yaani bomba la kuchotea maji la watu wote, likitoka kinywani mwa mama ambaye mwezi uliotangulia nilikuwa nimekaa naye matangani kwake siku tatu. Fedha za maji sikuiba. Hata hivyo, nimekuwa na miaka mingi ya kulifikiria lile neno, na nimefikia mahali ambapo simlaumu tena yule mama. Nitaeleza kwa nini.

Wazee wanakumbuka zama ambazo maji hayakuwa na bei. Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa miaka ishirini wa kuhakikisha kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini anapata maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Wafadhili waligawana mikoa: Wafini walikwenda Mtwara na Lindi, Wadenishi wakaenda Iringa, Mbeya na Ruvuma, Waswidi wakashika mikoa ya Ziwa. Hapa kwetu ilifungwa mashine ya dizeli, na mafuta yake yaliletwa kutoka wilayani. Yalipofika tulikunywa maji ya bomba. Yasipofika mashine ilinyamaza, nasi tulirudi kwenye korongo kufukua mchanga kama walivyofanya babu zetu. Hakuna aliyeuliza pipa la dizeli lilinunuliwa kwa shilingi ngapi, kwa sababu halikuwa pipa letu.

Sera ya Maji ya 1991 ikaleta habari ya kuchangia, na ile ya 2002 ikasema wazi kwamba mradi wa maji wa kijiji ni mali ya wanakijiji, na kwamba gharama zote za kuuendesha na kuutengeneza zitatoka mifukoni mwao. Sheria ya 2009 ikazipa jumuiya za watumia maji nguvu ya kisheria. Kisha ikaja Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira, Namba 5 ya 2019, iliyounda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA, na jumuiya zetu zikawa vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, vingi vikiunganishwa ili vijiji kadhaa viwe na ofisi moja, mhasibu mmoja na fundi mmoja. Majina yamebadilika mara nyingi kuliko mabomba. Jambo ambalo halikufanyika katika mabadiliko yote hayo, angalau kwetu, ni mtu kukaa chini na wananchi akawaonyesha kwamba ndoo moja ya maji, kabla haijafika kichwani mwa mchotaji, imekwisha kula fedha kiasi gani.

Na hapo ndipo lilipo kosa langu.

Kisima chetu, kama mjuavyo, kina kina cha mita 120, na baada ya umeme kufika tuliacha dizeli tukafunga pampu ya kuzamishwa. Bei iliyopitishwa na mkutano ilikuwa shilingi 20 kwa ndoo ya lita 20. Katika magati yote tuliuza kwa wastani ndoo 2,000 kwa siku, maana yake shilingi 40,000 kwa siku, au 1,200,000 kwa mwezi. Umeme ulikula kama 700,000. Wauza maji wa kwenye magati walichukua asilimia ishirini ya mauzo, yaani 240,000. Mwendesha mashine na mlinzi walilipwa 150,000 kwa pamoja, na koki, viungio na vipande vya bomba vilitugharimu kama 80,000. Kilichobaki ni 30,000, nami kila mwezi nilikwenda mjini kuziweka benki, na risiti nilizitunza kwenye bati la biskuti.

Oktoba 2014 mota ya pampu iliungua. Fundi alipoivuta na kuikagua, alitwambia kwamba pampu mpya na mota yake, pamoja na kazi ya kuzamisha upya, haitapungua shilingi milioni tisa. Benki tulikuwa na milioni moja na laki sita. Kamati ikaitisha mkutano na kuomba kila kaya ichangie shilingi 15,000.

Aliyesimama kwanza ni mwalimu mmoja mstaafu, mtu mpole sana. Alichukua kijiti akapiga hesabu mchangani mbele ya watu wote: ndoo 2,000, mara shilingi 20, mara siku 30, mara miezi 54 tangu kamati iingie madarakani. Jibu lake lilikuwa shilingi 64,800,000. Akauliza, bila kupandisha sauti, zile milioni 64 ziko wapi. Nilijaribu kueleza habari za umeme na asilimia za wauza maji, lakini nilikuwa naeleza siku ambayo pampu imekwisha ungua, na mtu anayetoa hesabu siku aliyoulizwa huonekana ameitunga usiku wa jana. Mkutano ulivunjika. Kati ya kaya zipatazo 600, zilizochangia hazikufika 90.

Tulikaa wiki kumi na moja bila maji. Sitaki kuzipamba wiki zile kwa maneno, kwa sababu akina mama wengi mliopo hapa mnazijua kuliko mimi: kuamka saa tisa usiku ili kuwahi shimo la mchangani kabla maji yake hayajakauka, na dumu la maji ya punda kuuzwa shilingi 500, yaani bei ya ndoo ishirini na tano za kwenye gati. Hatimaye wafanyabiashara wawili wa mnadani walitukopesha fedha, pampu ikazamishwa, na bei ikapanda hadi shilingi 50 kwa ndoo ili mkopo ulipwe. Baada ya kiangazi kile hakuna aliyebishia bei hiyo hata kwa dakika moja.

Hesabu nyingine niliipiga baadaye sana, nikiwa peke yangu. Kama tangu mwanzo tungeongeza shilingi tatu kwa ndoo, zote za akiba bila kukatwa asilimia ya wauza maji, tungeweka akiba ya 180,000 zaidi kila mwezi, na katika miezi ile 54 ingefika zaidi ya milioni tisa na nusu. Shilingi tatu. Mimi nilijua kwamba bei yetu haikuwa na sehemu ya kununulia pampu nyingine. Nililiona hilo kila mwisho wa mwezi. Sikulisema, kwa sababu shilingi tatu zingeleta ugomvi wa chenji, kwa sababu uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa unakaribia na mwenyekiti hakutaka kusikia neno bei, na kwa sababu, ukweli usemwe, hakuna aliyeniuliza. Daftari lilikuwa safi, lakini lilikaa chini ya kitanda changu. Wananchi waliokuwa wakilipa ndoo kwa ndoo kwa miaka minne na nusu hawakuwahi kusomewa hata ukurasa mmoja, kwa hiyo walilijaza pengo hilo kwa kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa jina langu.

Ndugu Mwenyekiti, nimeanza na mkasa huu wa zamani kwa sababu malalamiko ninayoyasikia leo, wakati chombo chetu kina ofisi, mhasibu na mita majumbani, yana sura ileile ingawa yamevaa nguo mpya. Linalosikika zaidi ni la kubambikiwa bili. Mtu anapokea ankara ya uniti kumi na nane, na uniti moja ni lita 1,000, ilhali mwezi uliopita alitumia saba, familia ni ileile na ng'ombe ni walewale. Akienda ofisini anaambiwa mita haidanganyi. Jibu hilo halitoshi, na tena si sahihi.

Mita ya maji ni chombo, na chombo hukosea. Katika mfumo wa mgao kama wetu, ambamo bomba hukaa tupu siku mbili kisha likafunguliwa, maji yanayoingia husukuma hewa iliyojaa bombani, na hewa hiyo ikipita kwenye mita ya kawaida huzungusha gurudumu lake kama inavyozungushwa na maji. Wananchi wanaposema wanalipia upepo, hawasemi upuuzi. Dawa yake inajulikana: valvu za kutolea hewa kwenye sehemu za mwinuko, na mwendesha mashine kufungua maji polepole. Nimepita kwenye bomba kuu kutoka tenkini hadi kitongoji cha juu, nikakuta valvu moja tu ya aina hiyo, na imeziba kwa ule ukoko mweupe wa maji yetu ya chumvichumvi. Ukoko huohuo ukiingia ndani ya mita huifanya iende pole, yaani imwandikie mteja pungufu ya alichotumia. Ila kwa kosa hilo sijaona mtu anayekwenda ofisini kulalamika.

Lakini nisiwafurahishe wenzangu kwa kuitupia hewa mzigo wote. Katika nyumba nyingi nilizokwenda mwenyewe kuangalia, uniti zilizozidi zilikuwa zimepotelea ndani ya uzio wa mteja. Koki inayovuja ndoo moja kwa saa, kitu ambacho mtu anaweza kukizoea asikisikie tena, inamwaga lita 480 kwa siku, na kwa mwezi ni zaidi ya uniti kumi na nne. Kila mmoja anaweza kujipima: usiku, baada ya kufunga koki zote, aandike namba za mita, zile nyeusi ambazo ni uniti na zile nyekundu ambazo ni lita, kisha azisome tena alfajiri kabla hajachota. Zikiwa zimesogea na koki zote zimefungwa, na maji hayakukatika usiku ule, basi bomba linavuja ndani ya eneo lake. Namba zikibaki palepale, na bado ankara haielezeki, mteja ana kitu cha kuweka mezani mwa mhasibu badala ya kwenda na hasira peke yake.

Tatizo ni kwamba wengi wetu hatujui mita ilisomwa lini. Msoma mita hupita tukiwa shambani, na miezi mingine, hasa wakati wa mvua njia zinapojaa matope, hukaa ofisini akakisia. Mwezi unaofuata anasoma kweli, na kasoro yote ya makisio inaangukia kwenye ankara moja. Kwa mteja hilo ni kubambikiwa, hata kama jumla ya miezi miwili ni halali. Ninaomba, na kamati imelisikia ombi hili kabla ya leo, kila nyumba iwe na kadi inayoning'inia karibu na mita, ambayo msoma mita ataandika tarehe, namba aliyoiona na sahihi yake, na ambayo mwenye nyumba au hata mtoto aliyemaliza darasa la nne ataitia sahihi. Ankara ya makisio iandikwe wazi kwamba ni ya makisio.

Sasa niseme jambo ambalo si rahisi kulisema mbele ya watu wanaofahamiana. Chombo cha maji cha mji mkubwa humkatia mteja maji kwa mkono wa kijana asiyemjua. Hapa, msoma mita ameoa binti wa dada yangu, fundi ni jirani wa mlango kwa mlango na mwenyekiti wa kamati, na mlinzi wa tenki ni mzee aliyetutahirisha nusu ya wanaume tulioketi hapa. Ukaribu huu una faida zake, nami nimeziona: bomba likipasuka saa nne usiku, fundi anagongewa dirisha, hapigiwi simu ya malalamiko. Mjane aliyeshindwa kulipa miezi miwili hakatiwi. Lakini ukaribu huohuo ndio unaomfanya msoma mita aruke nyumba ya mkwe, ndio unaomlinda kishoka aliyeunganisha bomba la bustani kabla ya mita, na ndio unaofanya orodha ya wadaiwa iwe siri kubwa kuliko siri za ndoa.

Nilipokabidhi ofisi, wadaiwa watatu wakubwa walikuwa mjumbe mmoja wa kamati, nyumba moja ya ibada na zahanati. Kwa yule mjumbe ilikuwa aibu yangu kutomkatia. Kwa nyumba ya ibada ilikuwa hofu. Zahanati ni habari nyingine, na ningependa mheshimiwa Diwani aipeleke mbele, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili timamu atakayefunga koki ya wodi ya wazazi, ilhali kila uniti isiyolipwa pale inalipwa na mama anayechota ndoo kwenye gati. Taasisi za umma zitengewe fungu la maji katika bajeti zao, na fungu hilo lifike. Tusipofanya hivyo tunawatoza maskini huduma ya umma bila kuwaambia.

Na hao wanaochota kwenye gati tayari wanalipa zaidi kuliko sisi wengine. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo hamsini. Kwa bei ya sasa ya shilingi 50 kwa ndoo, mama wa kwenye gati ananunua uniti moja kwa shilingi 2,500. Mimi mwenye bomba uani ninailipia 1,500. Ninajua sababu zake: gati lina muuzaji anayepaswa kulipwa, na mwenye bomba aligharimia mita na bomba lake mwenyewe. Sababu hizo zina uzito, ila tofauti ya shilingi elfu moja kwa uniti haijawahi kuletwa mkutanoni ikajadiliwa. Ilitokea tu, bei moja ikapangwa mwaka huu na nyingine mwaka ule. Kwa maoni yangu bei ya gati ishuke kidogo na ya majumbani ipande kidogo, na ninalisema hili nikijua kwamba nyumbani kwangu litasemwa vingine.

Wapo wanaoamini kwamba yote haya yatakwisha tukifunga mita za kulipia kabla, zile ambazo watu wameshazipa jina la luku ya maji. Nimeziona zikifanya kazi katika vijiji vingine: mtu ananunua maji kwa simu, anagusisha kitufe chake kwenye koki, maji yanatoka hadi fedha zinapoisha, na fedha zinakwenda benki bila kupita mkononi mwa mtu. Zinaondoa deni, zinaondoa makisio, na mhazini wa aina yangu asingeitwa mwizi kwa ajili ya mauzo ya kwenye gati. Lakini haziwezi kuamua bei iwe na akiba ya pampu au isiwe nayo, na Januari, mwezi ambao ghala ni tupu na shamba bado ni changa, haziwezi kumsubiri mtu mpaka auze mbuzi. Zije, sizipingi. Zikija, kamati iseme mapema nani atalipa vifaa vikiharibika.

Ombi langu kubwa halihitaji fedha wala fundi. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu, kwa mujibu wa sheria. Ninaomba hesabu za maji ziwe ajenda yake ya kudumu katika kila kijiji kinachohudumiwa na chombo hiki, zisomwe kwa Kiswahili cha ndoo na shilingi, na zibandikwe kwenye kila gati kwa kalamu nene: uniti zilizosukumwa kutoka kisimani, uniti zilizouzwa, fedha zilizoingia, umeme, mishahara, matengenezo, akiba. Tofauti kati ya uniti zilizosukumwa na zilizouzwa isifichwe, kwa sababu humo ndimo mnamokaa mabomba yanayovuja, mita zilizolala na maunganisho ya vishoka. Anayeona kasoro aanzie kwenye kamati, na asiposikilizwa aende ofisi ya RUWASA ya wilaya akiwa na kadi yake ya mita mkononi. Wajumbe wa kamati wasilichukulie hilo kama kushitakiwa. Laiti mimi ningeshitakiwa mapema, mwaka 2011 kwa mfano, pampu ingeungua ikakuta fedha za kununulia nyingine zinaisubiri.

Yule mwalimu mstaafu ametangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Kijiti chake kilikuwa hesabu ya kwanza ya maji kupigwa hadharani katika kijiji hiki, na ilikuwa na upande mmoja tu, wa mapato, kwa sababu upande wa pili nilikuwa nao mimi chini ya kitanda.

Ndugu Mwenyekiti, mhasibu wetu amekuja na hesabu za miezi mitatu iliyopita, na nimemwona amezikunja mara nne ndani ya mfuko wa shati. Kwa ruhusa yako ninamwomba asimame azisome zote, taratibu, aanze na matumizi, na akifika kwenye mstari wa akiba na ule wa wadaiwa arudie mara mbili. Kama jina langu limo katika wadaiwa, alitaje pamoja na mengine.